Nyota Haziingii Ukumbini

Leo nina habari ya chombo kilichozama Bagamoyo. Usishike kichwa: si jahazi wala ngalawa, na abiria hakukuwa na hata mmoja, kwa kuwa chombo chenyewe hakipandwi na mtu. Ni droni ya mpwa wangu, hii ambayo wengi wetu huiita ndege nyuki, na ilizama katika maji yanayomfika mtu mzima kifuani: bwawa la kuogelea la hoteli, chini ya paa la makuti, mbele ya wageni zaidi ya mia mbili waliovaa sare.

Ilikuwa Oktoba, majira ya upepo wa matlai, harusi ya binti wa jirani yetu wa zamani. Wenye shughuli walitoka Dar es Salaam, mwendo wa kilometa kama 70, wakaichagua Bagamoyo kwa sababu ambazo kila kamati ya harusi inazijua: bahari ipo, mchanga upo, na upepo ni wa bure. Bwawa la hoteli ile limejengwa nusu ndani, nusu nje. Upande mmoja limefunikwa na paa kubwa la makuti lililokaa juu ya nguzo nene za zege, upande wa pili linatazama bahari. Wapambaji walikuwa wameweka mishumaa kwenye vibakuli vinavyoelea, wakapukutisha maua ya waridi juu ya maji mpaka bwawa likawa kama limetandikwa zulia jekundu. Kutoka kwenye boriti wakashusha vitambaa vyeupe, virefu, vyepesi, vinavyocheza hata mtu akipiga chafya.

Mpwa wangu anaishi kwa kupiga picha. Leo yuko na watalii kwenye magofu ya Kaole, kesho yuko kwenye tamasha la chuo cha sanaa cha TaSUBa, Jumamosi yuko harusini. Jioni ile alikuwa amewaahidi maharusi picha moja ambayo, kwa maneno yake, ingefunga mjadala. Droni ianzie mchangani, ipite kati ya nguzo mbili, iteleze juu ya maua kwa kimo cha kifua, iishie usoni mwa bibi harusi ng'ambo ya bwawa. Asubuhi alikuwa amefanya mazoezi ufukweni mara tatu, na mara zote tatu chombo kilimtii kama mbwa wa mlinzi.

Saa moja na nusu usiku mshereheshaji akaomba utulivu. Droni ikaingia ukumbini vizuri, ikapita kati ya nguzo, ikafika katikati ya bwawa. Hapo mpwa wangu akaachia vidole kwenye rimoti, kama alivyozoea. Ukiachia vidole, droni husimama palepale hewani kukusubiri. Hii haikusimama. Ilianza kwenda, taratibu, haina haraka, kuelekea meza ya keki. Kijana akanigeukia macho yamemtoka: "Mjomba, sijaigusa!" Nilipotazama chini nikaona jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Matlai ilikuwa ikiyasukuma maua yote upande wa bara, na droni ilikuwa ikienda nayo, mwendo uleule, upande uleule, kama mtoto anayefuata ngoma.

Akaivuta kwa nguvu. Ikarudi, ikayumba, akaipandisha juu ili aiepushe na vichwa vya watu. Kufika karibu na boriti, panga moja likashika kitambaa. Kilichofuata kilikwisha haraka kuliko ninavyokisimulia. Droni ilijisokota ndani ya kile kitambaa cheupe, ikaangukia majini imejifunga shela, bibi harusi wa pili wa usiku ule. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kutoishiwa maneno, akatangaza kwamba mgeni wetu ameona ni vyema aoge kwanza.

Watu walicheka, lakini swali likabaki: kwa nini chombo cha mamilioni ya shilingi kilifuata maua? Kila meza ilikuwa na jibu lake. Wengine walisema upepo. Wengine wakasema utoto wa rubani. Na kwa kuwa tuko Bagamoyo, hakukosekana aliyemtaja jini. Mimi nilikwenda kuuliza na kusoma, na nilichokipata ndicho ninachotaka nikushirikishe leo, maana kinamhusu hata asiyemiliki droni.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Droni inayosimama hewani haikusimama yenyewe. Haina nanga, haina kamba, haina pa kuegemea. Kila sekunde hewa inaisukuma, na kila sekunde kompyuta iliyo tumboni mwake inajiuliza: niko wapi, na punde hivi nilikuwa wapi? Ikigundua imesogea, inajirudisha. Sisi tunaona imetulia, kumbe iko katika mashindano yasiyokwisha.

Majibu ya swali hilo inayatafuta juu na chini. Juu ziko setilaiti za kuongozea safari. Zile za mfumo wa GPS wa Marekani huzunguka dunia kwa kimo cha kilometa 20,200 hivi, na chombo kikizisikia nne au zaidi kinaweza kupiga hesabu ya mahali kilipo. Hizo ndizo nyota zake. Chini iko kamera ndogo inayotazama ardhi, ambayo kazi yake si picha za harusi. Inapiga picha nyingi kila sekunde na kuzilinganisha. Ikiona kigae cha sakafuni kimesogea mbele, inajua kwamba yenyewe ndiyo imerudi nyuma, na inajirekebisha. Pembeni ya jicho hilo kuna kipimo cha kimo: droni hutuma chini mwali usioonekana, au sauti ambayo sikio la mtu halisikii, kisha ikapima muda wa kurudi. Na kuna kipimo cha mgandamizo wa hewa, kinachokisia tu kama imepanda au imeshuka.

Asubuhi ufukweni vyote hivyo vilikuwa kazini. Juu anga wazi, chini mchanga wenye nyayo, makombe na majani makavu, alama tele. Mpwa wangu akadhani amejifunza kuirusha. Kumbe droni ndiyo iliyokuwa ikijirusha, yeye anaielekeza tu.

Sasa usije ukasema tatizo ni maji. Mwaka 2018 kampuni ya Kijerumani ya Wingcopter, pamoja na DHL na shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ, walijaribu kupeleka dawa kwa droni kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe. Ni kilometa 60 juu ya Ziwa Victoria, na wastani wa safari ulikuwa dakika 40. Chini maji, kulia maji, kushoto maji, na dawa zikafika. Mwaka 2019, huko Unguja, droni ziliruka juu ya mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, zikinyunyiza kimiminika kinachotanda kama utando mwembamba ili viluwiluwi vya mbu wasipate pumzi. Nazo zilifanya kazi yake zikarudi. Sababu ni moja: juu yao palikuwa wazi. Chombo chenye nyota hakina haja ya kuuliza maji.

Wala usiseme tatizo ni paa. Ndani ya ghala lenye sakafu ya vigae vilivyochakaa, lenye mwanga wa kutosha, droni nyingi ndogo husimama vizuri bila setilaiti hata moja. Jicho la chini linatosha.

Balaa ni viwili hivyo vikikutana. Paa linaziba nyota, na maji yanapofusha jicho. Paa la makuti lina hila yake ya ziada, kwa kuwa haliwi kama zege lenye nondo linaloziba moja kwa moja. Pembeni ni wazi, kwa hiyo setilaiti mbili tatu zinachungulia, zinapotea, zinarudi. Chombo kinashika njia, kinaiacha, kinashika nyingine. Zile nondo za kwenye nguzo nazo huivuruga dira yake. Na maji, msikilizaji, yana namna mbili za kukuponza. Yakitulia yananyamaza. Yakichezacheza yanasema uongo.

Yakitulia yanakuwa kioo: jicho la chini haliioni sakafu, linaona dari na taa, au linapenya mpaka kwenye vigae vya chini ya bwawa. Ule mwali wa kupimia kimo nao unazama au unarukia pembeni, haurudi, na chombo hakijui tena kimebakiza kiasi gani. Yakichezacheza, kila kinachoelea kinakwenda, na jicho linaamini kuwa ardhi ndiyo inayokwenda. Maua yalikuwa yakielekea bara, droni ikadhani yenyewe inateleza kuelekea baharini, basi ikajisahihisha kwa kuyafuata. Jini hakuwapo. Chombo kilitimiza wajibu wake kwa uaminifu wote. Na kubwa zaidi, droni ikiwa chini sana, upepo wa mapanga yake yenyewe hutia viwimbi kwenye maji, kisha jicho lake likavisoma viwimbi hivyo kama habari za kweli. Inadanganywa na mawimbi iliyoyafanya kwa mkono wake.

Nimesema tunaiita ndege nyuki. Jina hilo limesadifu kuliko tunavyodhani, kwa sababu nyuki mwenyewe ana ugonjwa huohuo. Mwaka 1963 wataalamu wawili wa nyuki, Herbert Heran na Martin Lindauer, walichapisha utafiti wa nyuki waliozoeshwa kuvuka ziwa kufuata chakula. Maji yakiwa na viwimbi, nyuki walivuka. Maji yakitulia kama kioo walianza kushuka, wakashuka, wakashuka, mpaka wakaingia majini. Sababu yake ni kwamba nyuki hupima kimo chake kwa jinsi ardhi inavyopita chini ya macho yake. Ikipita kasi, anajua yuko chini. Ikipita polepole, anajua yuko juu. Juu ya maji matulivu hakuna kinachopita, naye akaona yuko juu mno, akateremka kuitafuta ardhi. Lakini ilipowekwa njia inayoelea juu ya maji, yenye kuonekana vizuri, nyuki walipata cha kutazama na wakavuka.

Miaka karibu sitini baadaye, mwaka 2022, watafiti wa Marseille, Ufaransa, walilirudia swali hilo. Walitengeneza njia iliyozungushiwa kuta, na sakafuni wakaweka vioo. Nyuki walipofika penye kioo walipoteza kimo mpaka wakakigonga. Hapakuwa na tone la maji. Basi mpwa wangu asione haya sana. Kiumbe aliyekuwa akiruka kabla binadamu hajajua kutembea huanguka kwa sababu ileile.

Asubuhi ya pili tulishuka pwani, karibu na soko la samaki, kumshukuru kijana wa kivuvi aliyekuwa amepiga mbizi usiku kuitoa droni. Tulimkuta babu yake ameketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa, anashona wavu. Mpwa wangu akatoa shikamoo, akasimulia yaliyomkuta. Mzee akaacha sindano.

"Hicho chombo chenu kilikuwa kinatazama nini?"

"Maua, babu. Yaliyokuwa yanaelea."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akatuonyesha baharini kwa kidole. Akasema, pale kuna mwamba wa changu, huuoni, hata mimi siuoni, lakini naufikia usiku na mchana. Nautafuta kwa nchi kavu. Mnara ule ukikaa nyuma ya mnazi ule, na pembe ile ya mikoko ikifunguka, nipo juu yake. Nikiuona mnara umetoka nyuma ya mnazi, mkondo umenichukua, napiga kasia kurudi. Halafu akatia neno ambalo mpwa wangu aliliandika kwenye simu: "Mwanangu, alama haichukuliwi kwenye kitu kinachokwenda."

Mzee yule hajawahi kushika rimoti, lakini kanuni ya jicho la chini anaijua kuliko sisi. Alama moja hukuambia upande, alama mbili zikipishana hukuambia umesogea. Kompyuta ya droni nayo hujua imesogea kwa kuona alama zake zimehama. Tofauti ni kwamba mzee anachagua alama zake, na droni inachukua yoyote iliyo chini yake.

Na elimu ya nyota nayo si ngeni pwani hii. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na chombo kiitwacho kamali, kibao kidogo cha mti chenye uzi wa mafundo. Unabana fundo kwa meno, unanyoosha kibao mbele ya macho, ukingo wa chini ukae kwenye upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Fundo linakuambia umefika kaskazini au kusini kiasi gani. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyeandika mengi juu ya njia za bahari hii, aliieleza hata safari ya kuja kwetu mpaka Sofala. Na wazee walituachia usemi: usisafirie nyota ya mwenzio. Lile neno rubani pia lilianza baharini kabla halijapanda angani. Rubani alikuwa mtu anayeujua mlango wa bandari, mwamba uko wapi na mkondo unakwenda wapi. Hatukumwita rubani kwa sababu ameshika usukani. Tulimwita hivyo kwa sababu anapajua mahali. Kwa hiyo hata ndege tunayosema haina rubani, rubani inaye, amesimama chini, na swali ni kama anapajua.

Usidhani haya ni mambo ya kumbi zenye mapambo tu. Ukienda kaskazini ya mji, kwenye mikoko ya mlango wa mto Ruvu, vijito vinapita chini ya majani yaliyofungana. Huo nao ni ukumbi: juu pamezibwa, chini maji yanatembea. Maji yakitoka yanabeba povu na majani kuelekea baharini, na droni iliyoshushwa chini ya matawi hushawishika kwenda nayo. Kadhalika pango la Mangapwani, Unguja, lenye maji baridi chini yake: giza, mwamba juu, kioo chini. Wenye kazi ya kweli ndani ya mahali kama hapo hutumia vyombo vya namna nyingine. Kampuni ya Uswisi ya Flyability, iliyoshinda tuzo ya droni za manufaa huko Falme za Kiarabu mwaka 2015, ilikitia chombo chake ndani ya kizimba cha mviringo, ili kikigonga ukuta kisianguke. Walianza kwa kukubali kwamba kitagonga.

Sasa, msikilizaji, pengine wewe ni mpiga picha, na mteja amekushikia bango kwamba lazima picha ya bwawa ipatikane. Nitakuambia niliyoyakusanya kwa mafundi na kwa hasara ya familia yetu.

Usipite katikati ya bwawa. Pita ukingoni, jicho la chini lione vigae vya nchi kavu, na kamera ya mbele ndiyo itazame maji. Atakayeitazama video hatajua tofauti. Waombe wapambaji wawashe taa mpaka umalize, kwani gizani jicho hilo halifanyi kazi hata juu ya sakafu. Usishuke chini sana, mapanga yakaanza kuyatibua maji, na usipande karibu na dari, kwa sababu huko mapanga hunyonya hewa ya juu na chombo huvutwa kama sumaku. Zima panga boi zote. Funga vitambaa. Mapanga ya droni yenyewe yavishe vikingio. Kama droni yako ilianzia nje na ikakumbuka mahali ilipoanzia, angalia imeagizwa kufanya nini ikipoteza mawasiliano na rimoti. Nyingi huagizwa kupanda juu kwanza ndipo zirudi nyumbani, na ndani ya ukumbi juu ni paa. Mazoezi fanya palepale ukumbini, mchana, kabla ya wageni. Mazoezi ya ufukweni yanakufundisha ufukwe. Na jifunze kuishika kwa mkono, bila msaada wa nyota wala jicho, mahali penye nafasi na nyasi, mpaka kuyumba kwake kusikutishe. Wavuvi hukata kandambili kuukuu wakazifanya maboya ya nyavu. Vipande vinne kama hivyo chini ya miguu ya droni si urembo, lakini vinaelea. Ila hakikisha havizibi jicho.

Juu ya yote, usiirushe juu ya vichwa vya watu. Usiku ule kitambaa kilituokoa. Bila kile kitambaa, mapanga manne yalikuwa njiani kuelekea meza ya akina mama waliokuja kula pilau.

Ikizama, iache picha, shughulikia betri. Itoe mapema na uiweke nje, mbali na makuti, na usiichaji tena hata ikionekana nzima, kwa sababu betri za lithiamu zilizoingia maji zinaweza kuwaka moto baadaye. Kama ni maji ya bahari, ioshe droni yenyewe kwa maji baridi, maana chumvi inayobaki hula nyaya kimyakimya. Shangazi mmoja alituletea bakuli la mchele kutoka jikoni, kama tunavyofanya kwa simu. Mchele haukusaidia kitu, tukaurudisha.

Na kabla ya yote hayo kuna kibali. Tangu mwaka 2018 Tanzania ina kanuni za ndege zisizo na rubani ndani yake, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Usijitulize kwamba uko chini ya makuti. Droni iliyoanzia mchangani ilianzia angani, na isiyosimama inaweza kumalizia angani pia. Uliza kwanza, ruka baadaye.

Memori kadi ilipona. Fundi mmoja wa simu aliihangaikia siku mbili, akatupatia sekunde kumi na moja za mwisho. Zinaonekana nguzo mbili, halafu maua, halafu uso wa bibi harusi anacheka, halafu weupe mtupu wa kitambaa. Kisha mapovu. Na mwisho kabisa vigae vya bluu vya chini ya bwawa, vimetulia tuli, kila kimoja na mstari wake mweupe. Hakuna alama nzuri kuliko hizo, na droni ilizipata ikiwa imeshazama.

Mpwa wangu bado anapiga picha za harusi Bagamoyo. Droni nyingine ameinunua, na huirusha nje, penye anga. Kwa mambo ya ndani na ya majini alirudi kwa yule mzee wa ngalawa, akanunua upondo mkuukuu, ule mti mrefu wa kusukumia chombo penye maji machache. Ameufunga kamera nchani. Anasimama ukingoni, miguu yake miwili juu ya vigae, anaunyoosha upondo juu ya maua na kuuzungusha polepole mpaka usoni mwa bibi harusi. Video zake hazitetemeki, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini hakutumia droni.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, msikilizaji. Nyota haziingii ukumbini, na maji hayashiki alama. Penye vitu viwili hivyo, iache droni mkobani, uchukue upondo.